Matairi ya Punda na Daftari la Mama Mkubwa

Nyumbani,
6 Aprili

Kwa binti yangu Spana,

Habari za huko, na mgongo unaendeleaje kwa kulala chini ya magari ya watu mchana kutwa? Sisi wazima. Mafua yamemwachia Mama yako Mkubwa, sauti imerudi, na ameanza kunisema kwa yale yote aliyoyanyamazia wiki mbili.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu jambo lenyewe ni la kupanga, na simu ukishaikata maneno yamekwenda na upepo. Ni habari ya Punda. Gari limetimiza miaka thelathini na moja. Wewe mwenyewe ulikulia kwenye kiti chake cha nyuma, ukasoma namba kwenye daftari la Mama yako Mkubwa kabla hujajua kuandika jina lako. Injini bado inaitika asubuhi bila kubembelezwa. Lakini miguu, mwanangu, miguu imekuwa mifupi. Mvua za mwaka huu zimelichimba lile korongo la kilomita ya kumi na tano, na mara mbili Punda amekalia tumbo katikati yake, magurudumu yanazunguka hewani. Mara ya pili wenye mifugo walitutoa kwa kutufungia maksai wawili mbele. Daktari wa mifugo kuvutwa na wagonjwa wake, hebu fikiri.

Wiki iliyopita akaja yule daktari kijana wa wilaya na gari lililoinuliwa, matairi makubwa kama mawe ya kinu. Alivuka korongo huku anatafuna karanga. Tangu siku hiyo sina raha. Nimestaafu serikalini, ila ng'ombe sijawastaafu. Nisipovuka mimi, ng'ambo ile hakuna wa kuchanja ndama, maana kijana huyo huonekana mara moja kwa msimu. Basi nami nataka Punda apande juu. Nataka matairi ya inchi thelathini na tatu, springi mpya, winchi ya mbele ya kujivuta kwenye tope, na lile bomba la kupumulia linalopanda mpaka kwenye paa. Wewe ndiye fundi wa ukoo. Nipangie.

Wako,
Baba yako Mkubwa

(Kwa penseli, chini:) Mimi nataka mlango wa upande wangu ufungwe bila kupigwa teke. Mama Mkubwa.


Gereji,
17 Aprili

Shikamoo Baba Mkubwa,

Barua imefika na alama ya grisi kwenye bahasha, nikajua umeiandikia juu ya boneti. Mgongo wangu haujambo. Mwenye gereji ametununulia kibao cha kulalia chenye magurudumu, siku hizi nateleza chini ya gari kama droo ya kabati. Mwambie Mama Mkubwa nimefurahi kwamba sauti imerudi, na asiimalize yote kwako.

Sasa Punda. Kazi hii naifanya kila siku, ila wateja wangu wengi ni watu ambao korongo lao kubwa ni tuta la barabarani. Kwa hiyo nimefurahi kupata gari lenye haja ya kweli. Lakini haraka haraka haina baraka. Inchi thelathini na tatu sahau. Punda anavaa ishirini na tisa. Ukimvika thelathini na tatu, ukikata kona tairi litasugua bodi, breki zitazidiwa, na injini ya umri ule itapanda mlima ikisali. Thelathini na moja zinatosha.

Springi zenu zimelala. Tukiweka mpya tu, gari litapanda zaidi ya inchi moja lenyewe, nasi tutaongeza nyingine moja, basi. Tutaweka shokapu ndefu kidogo, na mipira mirefu ya breki, maana ile ya zamani itakatika siku gurudumu likining'inia. Winchi sawa. Bomba la kupumulia la nini, Baba Mkubwa? Korongo lako lina tope, halina samaki.

Nitumie vipimo vya kila gurudumu, kutoka kitovu chake hadi ukingo wa bodi juu yake. Halafu kipimo cha tano, ambacho watu husahau: kutoka ardhini hadi kizingiti cha mlango wa Mama Mkubwa. Yeye na goti lake linalouma ndio watakaoamua urefu wa gari hili.

Binti yako,
Spana


Nyumbani,
29 Aprili

Mwanangu Spana,

Marahaba. Barua yako niliisoma kwa sauti mbele ya Mama yako Mkubwa, kosa langu la kwanza. Pale uliposema goti lake ndilo litaamua, aliinuka akaniletea chai bila kuombwa, na tangu hapo anatembea humu ndani kama mkaguzi. Tu wazima, kuku wanataga, paa halivuji. Na wewe, unakula umekaa au bado unakula umesimama na spana mkononi?

Vipimo hivi hapa. Mimi nilishika ncha moja ya tepu, yeye ya pili, na kuandika akaandika yeye. Mbele kulia sentimita arobaini na sita, mbele kushoto arobaini na tano, nyuma zote mbili arobaini na mbili. Punda amekaa kiuno, kama mimi. Kizingiti cha mlango wake ni hamsini na tano.

Ameviweka kwenye daftari lake, ukurasa wa peke yake, akauita "Punda, kabla". Daftari lile unalijua. Njia za huku hazina vibao, nyasi zikipanda vijia vyote vinafanana, na kichwa changu tangu ujana hakishiki njia. Yeye hubonyeza kile kitufe, namba za kilomita zikarudi sifuri pale kwenye mashine ya kusaga, kisha ananisomea: saba na nusu, jiwe lenye chokaa, kumi na tano, korongo, ishirini na mbili, acha njia kubwa, shika kulia. Miaka ishirini na sita hajanipoteza hata siku moja. Watu husema daktari ni mimi, lakini bila yeye ningekuwa daktari wa vichaka.

Ila hizo inchi thelathini na moja, mwanangu, ni za kubebea bibi harusi. Kijana wa wilaya ana thelathini na tatu, na kushika sindano nilimfundisha mimi. Nipite mbele ya watu na matairi madogo kuliko ya mwanafunzi wangu? Fikiria heshima ya ukoo.

Baba yako Mkubwa

(Kwa penseli:) Aliegemea mlango na yeye akajipima. Amepungua sentimita mbili. Hiyo hakukuandikia.


Gereji,
10 Mei

Shikamoo Baba Mkubwa, shikamoo Mama Mkubwa,

Mimi mzima, na nakula nimekaa, juu ya tairi lakini nimekaa.

Heshima ya ukoo nimeifikiria, nikaipima, ni inchi thelathini na mbili. Zaidi ya hapo sishuki wala sipandi. Mzigo umeondoka leo kwa lori la mbegu: matairi matano, springi, shokapu, mipira ya breki, winchi. Kazi mpe Fundi Cheche, yule wa kuchomelea mageti. Mikono yake ni safi, ila mchunge, anapenda kuongeza urembo.

Bodi ya mbele akate upana wa kidole kimoja ili tairi lipite. Breki zikazwe upya. Nati za rimu uzikaze tena mwenyewe baada ya safari ya kwanza. Ukifika kwenye tope punguza upepo, ukirudi kwenye barabara ngumu ujaze. Na kabla ya yote hayo, Cheche achomelee ngazi ya bomba la chuma chini ya mlango wa Mama Mkubwa, pana, ya kutosha mguu mzima. Asipopanda yeye, Punda haendi popote.

Mpango huu nimeupitia mara tatu, na mwenye gereji ameupitia. Hatujaacha kitu.

Binti yenu,
Spana


Nyumbani,
11 Juni

Spana wangu,

Salamu nyingi, na kama salamu zingekuwa na uzito lori lisingeweza kuzibeba. Kazi imekwisha. Cheche alichukua siku nne, mojawapo ya kumzuia asichore simba kwenye boneti.

Ungemwona Punda. Amesimama kama askari aliyepandishwa cheo. Jana nilimpeleka kwenye korongo peke yetu, nikapunguza upepo ulivyosema, nikaweka gia ya chini. Aliingia, akainama, akanguruma kidogo, akatoka ng'ambo kama mtu anayeshuka ngazi za nyumbani kwake. Nilizima injini nikakaa pale nikicheka peke yangu. Umri huu, mwanangu, si mara nyingi mtu hupata furaha ya namna hiyo.

Wiki ijayo tunakwenda sote wawili kuchanja. Umempa Punda miguu, nami nakupa dua.

Baba yako Mkubwa

(Kwa penseli:) Mlango unafungwa kwa kidole kimoja. Nikisimama kwenye ngazi naona paa la jirani. Kumbe bati lao lina kutu, na wao ndio waliokuwa wakituchekea letu.


Gereji,
14 Agosti

Shikamoo Baba Mkubwa,

Miezi miwili. Mtu aliyekuwa ananiandikia hata Punda akipiga chafya, leo miezi miwili. Nilipopiga simu ulisema mambo safi, mtandao mbaya, ukakata, na mtandao ulikuwa mzuri.

Mimi sijambo. Nimepewa kazi ya kusimamia wenzangu wawili, na wote wananiita Mama, ingawa mmoja ananizidi umri. Lakini moyo haujatulia. Gari lina nini? Springi? Au kuna mgonjwa nyumbani na mnanificha? Mama Mkubwa naye nikimwuliza anajibu "Baba yako yupo safarini", kama anayesoma tangazo.

Niandikie ukweli, hata kama ni mbaya.

Binti yako,
Spana


Nyumbani,
25 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Afya ipo, hakuna mgonjwa. Punda ni mzima kuliko mimi. Mtu akiwa na aibu kalamu huwa nzito, ndiyo maana nimechelewa.

Safari ya kwanza korongo tulilipita vizuri, lakini namba zikaanza vituko. Jiwe la chokaa tulilikuta kabla ya namba yake. Nikamwambia Mama yako Mkubwa hakubonyeza kitufe vizuri. Mbele akasoma, "Ishirini na mbili, shika kulia." Kulia ni miiba mitupu. Tukazunguka, tukafika saa saba badala ya saa nne, wenyewe wameshawaachia ndama. Safari ya pili ikawa vilevile. Hapo nikakosa subira. Mbele ya watu nikasema daftari limezeeka, na aliyeliandika macho yamezeeka, afadhali twende akapimwe miwani. Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Tangu siku hiyo haji. Anasema bustani ina magugu. Nimeitazama bustani, haina hata gugu moja. Kila asubuhi ya safari ananifungia chakula, analiweka daftari juu ya kiti chake, anarudi ndani. Sijalifungua. La kazi gani, ikiwa namba zake hazilingani na dunia? Naenda kwa kukisia. Wiki jana nilipotea saa tano nzima, barafu ikayeyuka, chanjo za ndama arobaini zikaharibika. Nilizimwaga mwenyewe, wenye mifugo wakinitazama.

Matairi ni mazuri, usinielewe vibaya. Hayazami, hayatelezi. Lakini kiti kile kikiwa kitupu gari linatoa kelele ambazo sijawahi kuzisikia. Nimemkosa, naye yupo humo humo ndani. Nakuambia wewe kwa sababu kwake sijui nianzie wapi. Asiporudi kitini kabla ya mvua, nitawaambia watu wa ng'ambo watafute daktari mwingine.

Baba yako Mkubwa


Gereji,
2 Septemba

Shikamoo Baba Mkubwa,

Salamu nyingine nitazileta mwishoni, hili haliwezi kungoja. Daftari halikukosea, wala macho ya Mama Mkubwa hayakukosea. Niliyekosea ni mimi.

Dashibodi haiijui barabara. Inachohesabu ni mizunguko ya gurudumu tu, nayo inaamini kila mzunguko ni wa tairi la inchi ishirini na tisa, kama lilivyotoka kiwandani. Tairi kubwa hupiga hatua ndefu. Ni kama shamba lililopimwa kwa hatua za Mama Mkubwa, halafu uje ulipime wewe na miguu yako: hatua zitapungua, shamba ni lile lile. Ukienda kilomita kumi, Punda anahesabu tisa na kidogo. Ukisubiri asome ishirini na mbili, umeshaipita njia kwa kilomita mbili na zaidi.

Hili kila fundi analijua. Nilikwambia habari za breki, nati, upepo, mpaka upana wa kidole, hili nikalisahau. Wateja wangu huku hawahesabu kilomita, wanahesabu macho ya watu. Nikasahau kwamba kuna gari moja linaloendeshwa kwa namba, na ndilo lililonilea. Nimelia kidogo chini ya gari la mtu, wenzangu wakadhani ni oili imeniingia machoni.

Dawa ipo. Nyuma ya giaboksi kuna kijigia cha plastiki kinachozungusha waya wa dashibodi. Nimeagiza kingine chenye meno ya kulingana na matairi haya, ukikifunga namba zitarudi kuwa za daftari. Lakini kijigia hakiombi radhi. Hiyo kazi ni yako. Msomee barua hii, na usianze na habari za matairi. Wahenga walisema kosa moja haliachi mke. Nadhani na mume vilevile, ila usimjaribu zaidi.

Na salamu sasa: mimi mzima, nawapenda wote wawili, na nataka kusikia kiti kile kina mtu.

Binti yako,
Spana


Nyumbani,
13 Septemba

Mwanangu mpenzi Spana,

Marahaba mara mbili, moja ya barua hii na moja ya ile ya Mei, maana ile niliisoma nimesimama nikasahau kuitikia. Mgongo wako, kazi yako, na hao unaowaongoza, wote natumaini wako salama. Sisi wazima, na leo nikisema sisi namaanisha sisi.

Nilifuata maagizo. Nilimkuta jikoni anachambua maharage, nikakaa, sikutaja matairi. Nikasema, "Nilikuaibisha mbele za watu, na nilikukosea." Akaendelea kuchambua. Nikamsomea barua yako yote. Nilipofika kwenye shamba na hatua, akaitikia kwa kichwa kama mwalimu aliyesikia jibu sahihi. Nilipomaliza akasema, "Kalete daftari."

Lilikuwa kwenye kiti chake ndani ya Punda. Nikalifungua pale pale, mlango wazi. Mwanangu, kando ya kila namba ya wino kulikuwa na namba ya penseli. Jiwe la chokaa, saba na nusu: sita nukta nane. Njia ya kulia, ishirini na mbili: kumi na tisa nukta tisa. Kurasa zote, mpaka visima vilivyokauka zamani. Kwenye ukurasa wa ng'ambo aliweka uzi mwekundu. Uzi ule niliuona siku ile chanjo zilipoharibika, ukichungulia pembeni, nikadhani umechomoka kwenye nguo.

Alijua tangu siku ile ile ya kicheko. Wakati wa kurudi, kutoka mashine ya kusaga mpaka mlangoni petu, ambayo ni kilomita sita tangu nilipomwoa, Punda alisoma tano nukta nne. Akafungua mdomo anieleze, akanikuta bado naendelea na habari za miwani. Akaufunga. Nilipomwuliza mbona hakuniambia baadaye, alisema, "Nilikuwekea kitini kila safari. Kumwambia mtu aliyekwisha kusema mimi sioni, ningeanzaje?" Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Nilichutama, nikamsaidia maharage.

Jana tulikwenda. Alipanda ngazi yake, akabonyeza kitufe, akasoma namba zake za penseli. Saa nne kasoro tulikuwa ng'ambo na barafu haijatoa hata jasho. Wale wale waliocheka niliwaambia mbele yake kwamba daftari lilikuwa sahihi, na asiyeona ni huyu mwenye kofia. Wakacheka tena. Safari hii akacheka na yeye, na mimi nikageuka kumtazama ndama ambaye hakuwa na tatizo lolote. Tulichanja hamsini na mbili.

Nitabaki na watu wa ng'ambo, sitawaambia watafute mwingine. Kile kijigia nakisubiri. Nikishakifunga, wino na dashibodi vitasema neno moja, nami nitaweza kusoma mwenyewe bila kumsumbua mtu.

Wako anayekushukuru,
Baba yako Mkubwa

(Kwa penseli:) Mwanangu Spana, usilie tena chini ya magari ya watu. Ngazi ni imara, mlango unafungwa vizuri. Njiani jana aliniuliza "Sasa ngapi?" mara kumi na moja. Kile kijigia usikitume. Mwache aniulize.
Mama Mkubwa